Trei ya Madonge Sita

Je, niliigeuza ile trei au sikuigeuza?

Kwa miezi minne swali hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikakaa nalo kwenye foleni ya magari pale barabara ya 45 inapoingia Houston. Hata kanisani, wakati wa sala, nilijikuta nikizungusha mikono hewani kidogo, nikijaribu kukumbuka kama viganja vyangu viliwahi kufanya hivyo. Mama yangu alidhani ninaomba kwa bidii.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaomaliza chuo mwaka huu hapa Arlington. Mlinialika kwenye kikao chenu cha kuzungumzia kazi nikakataa, kwa sababu naogopa maikrofoni, nanyi mkasema basi niandike. Najua mtacheka nikisema nimestaafu, maana sijafika hata miaka thelathini na tano. Lakini kazi niliyoisomea na kuifanya kwa miaka saba siwezi kuifanya tena. Vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia vimekufa ganzi, na daktari amesema vitabaki hivyo. Kama huko si kustaafu, nitafutieni jina lingine. Siku hizi nakaa ofisini nikipanga zamu za wauguzi, na jioni nachoka uchovu usio na hata kisa cha kusimulia.

Kazi yangu ilikuwa kutunza vitu vilivyotolewa kwenye meli za matanga zilizozama zamani katika Ghuba ya Meksiko. Watu wakisikia hivyo wanadhani nilikuwa napiga mbizi. Siwezi kuogelea. Maabara yetu ilikuwa banda la mabati upande wa mashariki wa Houston, kati ya karakana ya matrela na kiwanda cha mapipa, na bahari hatukuiona. Wapiga mbizi walileta vitu, sisi tukavipokea. Tena msifikirie dhahabu. Kitu cha chuma kikikaa baharini miaka mia mbili, kutu yake hukamata mchanga, mawe na makombe, mpaka kinakuwa donge la kutisha, kama andazi lililoungua ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Ndani yake kunaweza kuwa na msumari, kufuli au kisu. Au hamna kitu kabisa: chuma kimeliwa chote, limebaki tundu lenye umbo lake. Hapo unamimina gundi ngumu ndani ya tundu, unangoja ikauke, kisha unavunja ganda, unapata kufuli ya gundi yenye kila alama ya ile ya chuma. Ukivunja kabla ya kumimina, umeipoteza milele. Niliwahi kukaa mbele ya donge moja siku tatu bila kuligusa kwa kuogopa jambo hilo. Lilikuwa jiwe tupu.

Mama alikuwa akiwaambia marafiki zake, wengi wao wauguzi kama yeye, kwamba mimi "niko upande wa meli." Wakadhani nafanya kazi bandarini. Siku alipokuja kunitembelea kutoka Arlington na kuniona nimeinamia beseni na mswaki, alingoja mpaka tulipofika kwenye gari ndipo akauliza:

"Makena, uli-study chemistry miaka minne ndio uoshe vijiko vya wafu?"

"Ni conservation, Mum."

"Hata mimi hu-conserve vijiko. Na zangu ziko na wenyewe."

Nilicheka wakati ule. Baadaye maneno hayo yalinirudia na sikucheka tena.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mama Furaha. Alikuwa Mrundi, amelea watoto wake kambini Kigoma, akaletwa Haltom City, akapanga maboksi ghalani miaka kadhaa kabla ya kumfuata binti yake Houston. Hakuwa na cheti chochote, lakini matangi yote yalikuwa chini yake. Mimi nilikuwa na digrii ya kemia na woga. Yeye alikuwa na funguo.

"Weye ndiye yule wa chuo?" aliniuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Umesoma maji?"

"Nimesoma kemia."

"Maji yamo humo?"

"Yamo."

"Basi badilisha maji ya matangi haya kumi na nne. Ukimaliza, uje unifundishe."

Nilimaliza siku ya pili yake, mgongo ukiniuma, na sikuwa na la kumfundisha. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kitu kilichotoka baharini hakipaswi kukauka hata saa moja. Chumvi imeingia ndani yake, na kikikauka chumvi inavimba: ubao unajikunja kama ganda la chungwa, chuma kinapasuka vipande. Kwa hiyo kinaishi majini, na maji yanabadilishwa, na yanabadilishwa tena. Ili kujua kama chumvi imekwisha, unachota maji kidogo ya tangi kwenye chupa ya kioo na kudondoshea dawa ya fedha. Yakigeuka meupe kama uji mwepesi, bado. Tone lile lilinipa kazi ya miaka: bado, bado, bado. Mzinga mmoja nilioukuta umelala tangini siku naingia, niliuacha umelala siku naondoka.

Mwaka wa kwanza nilijaribu kuharakisha. Vitu vya chuma tunavitumbukiza kwenye maji ya magadi makali na kupitisha umeme mdogo ili chumvi itoke. Nilifanya hesabu zangu, nikaona tukiongeza umeme tutaokoa wiki sita. Nikaongeza. Kesho yake asubuhi bawaba niliyoikuta na nakshi za nyundo ya fundi wake ilikuwa imebambuka uso wote, na nakshi ziko chini ya tangi kama masizi. Mama Furaha alichungulia, akavua glavu moja, akaivaa tena.

"Hesabu ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa sahihi, Mama."

"Basi iandike na hiyo kwenye daftari. Andika hesabu sahihi, bawaba imekwenda."

Niliandika hivyohivyo. Mpaka leo iko.

Sasa nirudi kwenye trei.

Wakati ule maabara ilikuwa na vitu vya meli mbili. Ya kwanza ilijulikana: milingoti miwili, mzigo wa matofali na pamba, ilivunjwa na dhoruba kwenye maji ya kina kifupi yenye chaza wengi, na orodha ya mabaharia wake ilipatikana kwenye karatasi za bandari. Watu kumi na mmoja, hakuna aliyepona. Ya pili haikuwa na jina. Ilikuwa kwenye kina kirefu, juu ya tope la kijivu, bila kengele, bila karatasi, bila kitu cha kusema ilitoka wapi. Tuliiita tu Ile Nyingine.

Kila donge lilikuwa na lebo ya plastiki yenye namba, imefungwa kwa uzi wa nailoni. Namba ndiyo inayosema donge ni la meli ipi. Mama Furaha alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka ikachosha: lebo ya zamani haikatwi kabla mpya haijafungwa. Nilimsikia. Lakini mwezi wangu wa tatu nilikuwa nimeanza kuogopa zile lebo. Zilikuwa zimefubaa, moja inafanana na saba, na nikajiambia siku moja mtu ataikosea namba. Kwa hiyo Mama Furaha alipokwenda kula, nilichukua trei yenye madonge sita, matatu ya meli ya kwanza na matatu ya Ile Nyingine, yaliyokuwa yakingoja eksirei. Nikakata lebo zote sita, nikazipanga mezani mbele ya trei kwa mfuatano uleule, nikaanza kuandika mpya kwa mwandiko wa kuvutia.

Simu ikalia. Alikuwa mama yangu, akiuliza kama nimekula. Tukaongea. Nikiongea, nikaona madonge ya upande wa mbali yanaanza kukauka, na bomba la kunyunyizia lilikuwa fupi. Hapo ndipo kumbukumbu yangu inapokwama. Ama nilinyoosha mkono nikayanyunyizia kwa mbali, ama niliigeuza trei. Kama niliigeuza, mwisho ukawa mwanzo, na lebo zote sita nilizifunga kinyume.

Nyinyi mnaonijua mtaona kichekesho chake. Kwa kuogopa kosa la mtu mwingine, nilitengeneza la kwangu.

Swali hilo lilinipitia siku ileile nikalifukuza. Lililala miaka minne. Kisha nikapewa donge moja kati ya yale sita nilisafishe. Kifaa chetu ni kalamu ya hewa, patasi ndogo nyembamba inayogongagonga kwa kasi ya nyuki. Ndiyo iliyokula vidole vyangu, kwa hiyo mkipewa moja vaeni glavu nene na pumzikeni, msijifanye mashujaa. Nilibandua wiki mbili. Kati ya misumari miwili kikatokea kijiko cha bati zito, na kwenye mpini, herufi mbili zilizokwaruzwa kwa ncha ya kisu: A. P.

Lebo ilisema ni cha meli ya kwanza. Na kwenye orodha ya mabaharia wa meli ya kwanza alikuwamo mshona matanga aitwaye Amos Pruett.

Daktari Neal, mkurugenzi wetu, mtu mpole asiyepandisha sauti, alipiga kelele siku hiyo. Baharia wa kawaida hapatikani hivi. Nahodha huacha barua na picha. Mshona matanga hazami na kitu kinachotaja jina lake. Akatafuta, akampata Bi Loretta Pruett, bibi wa miaka themanini na kitu anayeishi Fort Worth, ambaye katika familia yao ilisimuliwa siku zote kwamba babu wa babu alikwenda baharini akakosa kaburi. Tukamwalika. Alikuja na mkongojo na kofia ya kanisani. Tukampa glavu, akakishika kijiko kwa mikono miwili, akainama, akasema nacho kwa sauti ya chini maneno ambayo hatukuyasikia. Makumbusho madogo ya Fort Worth yakaomba kijiko kwa maonyesho, yakapanga Jumamosi ambayo Bi Loretta angefunua kabati la kioo lenye jina la Amos.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, naikumbuka ile trei. Nilipokuwa nikibandua lile ganda, wiki mbili nzima, sikuona chaza hata mmoja.

Madonge ya meli ya kwanza huwa yamejaa makombe ya chaza. Nilijua. Lakini nilijiambia huenda hili lilikaa pembeni, huenda ganda la juu lilishatoka. Nilikuwa na "huenda" za kutosha kujaza tangi. Na nyuma yake kulikuwa na woga wa kawaida kabisa: kibali changu cha kufanya kazi nchi hii kilitegemea maabara ile. Nikisema nilikata lebo sita kinyume cha sheria na nikakaa kimya, narudi kwetu Meru na nini?

Miezi minne ikapita hivyo. Ilibaki wiki moja na nusu kabla ya ile Jumamosi, Mama Furaha akanikuta nimesimama mbele ya rafu yake ya makopo.

Lazima niwaeleze makopo. Alikuwa na tabia ya kuhifadhi vipande vya ganda vya kila donge kwenye makopo matupu ya kahawa, namba juu ya mfuniko. Daktari Neal alishamwambia mara mbili ayatupe, yanajaza nafasi. Mama Furaha akajibu ndiyo mara zote mbili.

"Siku ya tatu hii unaangalia kopo langu," alisema. "Unataka kuliposa?"

"Nawaza tu, Mama."

"Unawaza. Kopo lina mfuniko, weye una mikono. Kuna nini?"

Nikamwambia. Nilidhani atanikemea kwa ajili ya lebo. Hakunikemea. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Tulivuka ziwa mitumbwi miwili," akasema. "Mimi na watoto mtumbwi mmoja, kaka yangu mtumbwi wa pili. Wetu ulifika. Baada ya wiki mtu mmoja akaniletea shati. Akasema Mama, hili ni la kaka yako, limetoka majini. Nikalishukuru lile shati. Nikalia, nikatulia. Watu walikuwa wakishuka kila siku pale pwani, wengine wametokea vijiji vya mbali, wana habari za watu. Sikwenda tena kuuliza. Kwa nini niulize? Nina shati."

Akavua glavu.

"Miaka miwili baadaye, siku namfulia mtoto, nikaona kola. Kaka yangu alikuwa mnene wa shingo, Makena. Lile shati lisingefunga. Nilikuwa nimeliona siku ya kwanza."

"Na kaka yako?"

"Sijui. Wale wa kuwauliza walikuwa wameshatawanyika." Akainuka, akarudisha ndoo mahali pake. "Yule mtu hakuwa mbaya. Alitaka nipumzike. Haya, fungua kopo, miye nina matangi."

Nilifungua. Nikamimina vipande kwenye sahani, nikavitazama kwa lenzi kimoja baada ya kingine. Tope la kijivu, laini kama unga. Hakuna chaza. Nikafungua makopo mengine mawili ya madonge yale sita, ambayo lebo zake zilisema Ile Nyingine. Yalijaa makombe.

Niliigeuza.

Nilibeba makopo mpaka ofisini kwa Daktari Neal, nikayaweka juu ya karatasi zake, nikasema yote bila kupumua: lebo, simu, trei, miezi minne. Aliangalia kwa lenzi muda mrefu. Akavua miwani.

"Sherehe ni wiki ijayo," alisema.

"Najua."

"Watu wameshaalikwa." Kisha, kama anayeongea na makopo, akasema, "Hakuna mtu mwingine ambaye angeona."

Nikamsogezea kopo la pili, akalitazama, kisha akasema mwenyewe, "Lete madonge mengine yote matatu." Tulipomaliza kuyakagua, aliniuliza kwa nini sikusema mapema. Nikamwambia niliogopa. Aliandika hilo kwenye faili langu, neno kwa neno, na sikulalamika. Sikufukuzwa, lakini kwa mwaka mzima sikuruhusiwa kugusa lebo. Akasema atamwandikia Bi Loretta barua. Nikasema hapana, mimi ndiye niliyegeuza trei, naenda mwenyewe.

Ni mwendo wa saa nne na kitu kutoka Houston mpaka Fort Worth. Njiani nilitunga hotuba tatu, zote nzuri. Alipofungua mlango nikasahau zote. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, kulikuwa na gauni la buluu ndani ya mfuko wa plastiki.

Alinisikiliza akiwa amekaa wima. Nilipomaliza, akasema, "Umeendesha gari kutoka Houston kuja kuniambia hivyo?"

"Ndiyo, Bi Loretta."

"Simu yenu imeharibika?"

"Hapana."

Akaangalia mikono yake. "Nilikishika. Nyinyi mlinipa glavu nikakishika. Niliongea nacho."

Nilikuwa na majibu ya kemia, na moja tu lisilo la kemia. "Amos alikuwamo kwenye ile meli. Jina lake liko kwenye orodha, na meli tunajua ilipo. Hilo halijabadilika. Kijiko ndicho si chake."

Aliinuka, akaenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi. Maji yalikwenda muda mrefu.

"Huyo A. P. mwingine ni nani?" aliuliza akiwa amenipa mgongo.

"Hatujui. Hata meli yake hatuijui jina."

"Ana watu?"

"Hatujui, Bi Loretta."

"Basi mwondoeni Amos kwenye kioo chao." Akafunga bomba. "Na wewe usinipe kitu kingine cha kushika mpaka uwe unajua."

Hakunisindikiza. Nilitoka mwenyewe, nikaufunga mlango taratibu ili gauni lisidondoke.

Huenda mlitaka niwaambie kwamba alinikumbatia, au kwamba baadaye tulipata jina la Ile Nyingine. Hakunikumbatia. Nilifanya kazi miaka miwili na ushee baada ya hapo, siku hizi wamekuja vijana wenye mashine zinazochora donge zima kwenye kompyuta kabla hujaligusa, na jina bado halijapatikana. Nasikia makopo ya Mama Furaha yamejengewa kabati.

Mwaka wa kunizuia ulikuwa bado haujaanza rasmi ile Jumatatu niliporudi kazini. Daktari Neal alinipa lebo moja tupu, ya mwisho. Nikaandika namba ya Ile Nyingine, na kwenye mstari wa mwenyewe nikaandika: hajulikani. Kijiko kilikuwa kimelala kwenye beseni lake, lebo ya zamani bado iko shingoni mwa mpini. Mama Furaha alisimama mlangoni na ndoo yake, akitazama mikono yangu. Nikapitisha uzi, nikafunga lebo mpya mafundo mawili, nikaivuta kuhakikisha imeshika. Ndipo nikachukua mkasi, nikaikata ile ya zamani.